Shingo ya Werugha

Kitheka alikuwa amenipa mpaka Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa imefika.

Hakunipa kwa ukali. Alikuja Jumatano mchana darasani kwangu, wasichana wa ushonaji wakiwa wameenda kula, akavua kofia yake ya reli akaiweka juu ya cherehani. Akaniambia barua ya uhamisho imefika. Nakuru. Angepanda gari moshi Jumatatu asubuhi.

"Mimi nimeshasema yangu, Mwalimu," alisema. "Sirudii, kwa sababu jambo kama hili likirudiwa linakuwa usumbufu. Ukiniambia nije na wazee, mjomba wangu Ndambuki atavaa koti tupande huko kwenu Werugha. Ukinyamaza, nitaelewa. Sitakuandikia barua za kulia."

"Mpaka lini?"

"Jumamosi. Baada ya mazoezi."

Nikamtazama. Ni mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, na ana macho yanayongoja. Watu wengi wakikuuliza jambo huwa tayari wanafikiria neno la pili. Yeye hungoja. Nilikuwa na maneno mengi kifuani, nikachagua hili:

"Kofia yako inapaka grisi kitambaa cha watu."

Hilo ndilo jibu nililompa mwanamume aliyekuwa ameniomba maisha yangu. Akachukua kofia, akapangusa kitambaa kwa mkono wa shati, akaondoka. Nikaendelea kukata suruali za shule mpaka nikakuta nimekata miguu mitatu.

Mambo yangu na judo yalianza kwa kola. Mwaka wa sabini na nane, mwezi wa Desemba, mtu wa reli nisiyemjua alileta oda ya koti nane za drili nzito, bila vifungo, za kufunga kwa mshipi. Alisema ni za mchezo aliofundishwa na Mjapani mmoja alipokuwa chuo cha reli Nairobi, na sasa anaufundisha hapa Voi kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Nikashona. Baada ya wiki mbili akarudisha koti mbili, kola zimeng'oka. Nikashona tena, mistari miwili ya uzi. Zikarudi. Mara ya tatu nikamwambia, "Bwana Kitheka, ama koti hizi unawavisha ng'ombe, ama unanidanganya."

"Njoo uone," akasema.

Nilienda kuona mshono. Nikaona mshono, nikaona na mtu. Kola nikaishona mistari sita, na ndani nikatia kamba ya mkonge iliyopigwa bapa. Haijang'oka mpaka leo. Lakini Jumamosi iliyofuata nilirudi tena, na sikuwa na sababu yoyote ya mshono ya kurudi.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo ya Agosti, saa nane mchana, bati la ukumbi likilialia kwa joto, nilikuwa nimekaa juu ya godoro la turubai lililojazwa makapi ya mkonge, nimevaa suruali ya drili niliyojishonea mwenyewe. Binti yangu Mbeyu alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Tulikuwa wanawake watano. Mumbe, mke wa fundi wa injini, ndiye aliyekuwa msemaji wetu bila kuchaguliwa.

"Mwalimu Kitheka," alisema, "wanaume umewafundisha kukaba tangu Machi. Sisi unatufundisha kuanguka. Kuanguka tunajua. Tumeanguka tangu tuolewe."

Tukacheka. Kitheka naye alicheka, lakini macho yake yalipita kwangu, yakangoja kidogo, yakaenda.

"Leo tunakaba," alisema.

"Ndiyo hiyo ngeta wanayoisema sokoni?"

"Si ngeta, Mumbe. Ngeta ni ya wezi. Mwizi anakuvunja koromeo. Hii haigusi koromeo kabisa." Akaweka vidole viwili pembeni mwa shingo yake, kulia na kushoto. "Hapa na hapa. Hapa ndipo damu inapita kwenda kichwani. Ukibana pande zote mbili, mtu hakohoi, halii. Analala."

"Baada ya muda gani?"

"Sekunde nane. Kumi akiwa mbishi."

Kisha akasema lile ambalo alilisema kila Jumamosi, lakini siku hiyo alilisema polepole, na hakuwa akimtazama Mumbe.

"Ukiona imekaza, gonga. Mara mbili. Gonga mkono wangu, gonga godoro, gonga mguu wako mwenyewe. Ukigonga, mimi naachia. Sikuulizi kama ulikuwa umeumia kweli. Sikwambii vumilia kidogo. Naachia hapo hapo."

Alianza na Mumbe, ambaye aligonga kabla hajaguswa. Akaambiwa angoje. Akagonga tena. "Mimi nina watoto sita," alisema, "sina kichwa cha kupoteza."

Ikawa zamu yangu, kwanza mimi kumkaba yeye. Alikaa chini, nikapiga magoti nyuma yake. Mkono wa kushoto ukapita chini ya kwapa lake, ukashika upande wa koti, ukauvuta chini ili kola ikaze. Mkono wa kulia ukazunguka shingo yake.

"Ndani zaidi," alisema. "Ingiza dole gumba ndani ya kola, vidole vinne nje. Panda juu mpaka mkono uwe chini ya sikio."

Nikapanda. Sikio lake lilikuwa na joto. Alinukia sabuni ya kipande, na chini ya sabuni, grisi ambayo haitoki kwa watu wa reli hata wakifa. Kidevu changu kilikuwa karibu kugusa bega lake, na ile kamba ya mkonge niliyoishona kwa mkono wangu ilikuwa inanijaa kiganjani.

"Usivute kwa mikono. Toa kifua mbele. Kama mtu anayenyoosha mgongo asubuhi."

Nikatoa kifua mbele. Akagonga mkono wangu mara mbili, nikaachia. Akageuka. Tulikuwa karibu mno kwa watu wanaotazamwa na wanawake wanne.

"Umejua," akasema.

"Kola ni yangu. Nitakosaje kuijua?"

"Haya, geuka. Sasa ujue inavyokuwa upande wa pili." Na sikioni, kwa sauti niliyoisikia mimi tu: "Gonga mapema, Mwalimu. Nakuomba."

Ningegonga mapema kama ningekuwa mtu wa Voi. Lakini mimi ni wa Werugha. Kwetu milimani mwanamke anabeba mzigo mgongoni, na mkanda wa ngozi unapita juu ya utosi karibu na paji la uso. Mzigo wote unabebwa na shingo. Mama yangu alinivisha mkanda nikiwa na miaka minane. Nimepanda matuta ya mashamba na viazi, na kuni, na mtungi wa maziwa, kwenye ukungu ambao huoni unapokanyaga. Wanawake wa Werugha hatujivunii sura. Tunajivunia shingo.

Kwa hiyo mkono wake ulipozunguka, nilifanya kama ninavyofanya mzigo ukiwa mzito. Nilikaza shingo, nikashusha kidevu, nikangoja nione uzito wenyewe.

Hakukuwa na uzito. Nilisikia kola ikinikumbatia pande mbili, taratibu, bila maumivu yoyote. Nikafikiri, hii ndiyo yenyewe? Hii nitaibeba mpaka jioni.

Tena kulikuwa na jambo lingine, na afadhali niliseme. Nilijua nikigonga, somo limeisha. Na somo likiisha, ni kujibu.

Sikugonga.

Nilijikuta Werugha. Ukungu ulikuwa mwingi, nina mzigo mgongoni, ninapanda, na njia haiishi. Halafu mtu akaja nyuma yangu akanivua mkanda kichwani, na mzigo wote ukaondoka, na nikawa mwepesi hata nikaogopa. Nikataka kugeuka nione ni nani.

"Mwachie! Mwachie miguu, wewe! Mwachie, shetani!"

Hiyo haikuwa ndoto. Nilifumbua macho nikaona bati. Nilikuwa nimelala chali. Kitheka alikuwa amepiga magoti miguuni pangu, ameiinua miguu yangu juu ili damu irudi kichwani, uso wake umekuwa wa kijivu. Na juu yake alikuwa amesimama mamamkwe wangu, mama wa marehemu mume wangu, mwanamke wa miaka sitini na tano, ana mzigo wa kabichi na viazi mgongoni, mkanda uko kichwani, na mwavuli mkononi. Mwavuli ulikuwa unashuka mgongoni mwa Kitheka kama anapura maharagwe.

"Mama," nikasema.

"Nyamaza, wewe umekufa!"

"Mama, sijafa. Ni mchezo."

"Mchezo? Mchezo wa kuinuliwa miguu? Na suruali? Wundanyi sokoni nimeambiwa, mkaza mwanao anakabwa koo na Mkamba kila Jumamosi, nikasema watu ni waongo. Nikapanda basi na mzigo wangu nije niwaaibishe waongo!"

Mumbe alijaribu kumshika mkono. "Nyanya, tulia, ni dawa hiyo ya kuamsha mtu."

"Na nani alimlaza?"

Mumbe akamtazama Kitheka.

Kitheka alishusha miguu yangu chini polepole, kama mtu anayeweka mayai. Hakujikinga na mwavuli. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Kwa nini hukugonga?" aliuliza. "Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nahesabu. Nilifika saba nikalegeza mwenyewe, na ulikuwa umeshaenda. Kwa nini, Mwalimu?"

"Sikuona kama ni kitu."

"Hukuona kama ni kitu." Akasimama. "Mimi siwezi. Mtu asiyegonga siwezi kumshika. Sitajua lini namuumiza."

Akavua mshipi wake. Darasa likaishia hapo. Nilipojaribu kuchukua mzigo wa Mama, Kitheka akanyoosha mkono aupokee yeye.

"Mzigo wangu haubebwi na mkabaji," Mama alisema, akatangulia mlangoni, shingo imenyooka, kabichi zikitikisika.

Nyumba yangu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko. Tulitembea, Mama mbele, mimi nyuma. Vumbi jekundu, jua la kuchoma, na watu wakitazama suruali yangu. Tulipofika, nilimshusha Mama mzigo, akakaa kwenye kigoda akajipepea na kifuniko cha sufuria. Mkanda ulikuwa umemwachia alama kwenye paji la uso, ile alama ambayo haitoki tena ukishafika umri fulani. Nilimletea maji kwenye kikombe. Hakuyanywa. Aliyaweka chini, kati ya miguu yake.

"Unampenda?" akauliza.

Sikuitarajia. Nilitarajia matusi, hayo nina majibu yake.

"Mama, mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, nina mtoto wa miaka tisa..."

"Sikukuuliza una nini. Hivyo vyote navijua, nimevisikia mpaka nimechoka. Nimeuliza unampenda."

"Ndiyo."

"Amekuomba?"

"Ameniomba. Anahamishwa Nakuru. Anaondoka Jumatatu. Alitaka jibu leo."

"Ukamjibu nini?"

"Bado."

Alicheka kwa pua. "Bado. Kwanza ukaona heri ufe."

"Mama, ni kwa sababu yako vilevile. Kwenye boma lako mimi bado ni mke wa Timotheo. Nani atakayekubali Mkamba apande pale na wazee wake? Wewe? Umempiga mwavuli."

"Nimempiga kwa sababu nimekukuta umelala. Ningempiga hata kama angekuwa askofu." Kisha akasema, bila kunitazama, "Yule mwanamke mnene wa ukumbini ameniambia kuna kugonga. Ukigonga anaachia. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kila mara?"

"Kila mara. Hajawahi kuchelewa."

"Na wewe hukugonga."

"Sikuona kama ni mzigo wa kunishinda."

Mama akaweka kifuniko cha sufuria chini.

"Sikiliza, Mkamburi. Nitakwambia jambo, na usinijibu upesi upesi kama kawaida yako. Timotheo alipougua, aliugua siku arobaini na mbili. Nyumba yako na yangu kuna nini katikati? Tuta moja la migomba. Usiku nilikuwa naona taa yako haizimwi. Nilikuwa nakusikia ukimgeuza. Nilikuwa nasikia ukitoka kuteka maji mwenyewe, kufua mwenyewe, kumbeba mwenyewe kumpeleka juani. Mtoto wangu, aliyetoka tumboni mwangu. Nikija, unaniambia, Mama kaa, Mama pumzika, mimi naweza. Nikakaa. Nilikaa siku arobaini na mbili mlangoni kwangu nikingoja uniite. Neno moja tu, Mama njoo. Hukuniita. Siku ya arobaini na tatu uliniita, ukaniita kwa maiti."

Niliinua sufuria kutoka sakafuni, kama mtu anayetaka kupika.

"Miaka mitano nimebeba hasira hiyo," alisema. "Watu wanadhani nakuchukia kwa sababu ulishuka Voi ukaacha boma. Boma liko, haliendi popote. Nakuchukia kwa sababu ulininyima kumuuguza mwanangu, na ulininyima kwa wema. Nani atakusikiliza ukishtaki wema?"

Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Nilikuwa nataka kusema kwamba nilimhurumia, kwamba alikuwa mzee, kwamba nilitaka alale. Yote yalikuwa kweli. Lakini yalikuwa kama kukaza shingo, nikaona hayana faida. Nikakaa chini sakafuni mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipoolewa.

"Sikujua namna ya kukuita," nikasema. "Mama, wallahi sikujua. Nilidhani nikisema siwezi, nitaanguka, na nikianguka nani atamshika Timotheo."

"Mimi."

"Wewe."

"Mimi ningemshika. Na wewe ningekushika."

Tukalia. Sitasema mengi juu ya hilo. Tulilia kama watu wa Werugha wanavyolia, bila sauti, kila mmoja akitazama upande wake.

Mama ni mtu wa kanisa, Jumapili hakosi ibada. Lakini Mdawida yeyote, Mtaita wa milimani kwetu, anajua kwamba hasira ya mzazi ikifungiwa moyoni huleta balaa nyumbani, na dawa yake ni kuitoa kwa mdomo huo huo ulioifungia. Tunaita kutasa. Mama aliinua kile kikombe cha maji, akapiga funda, akayapuliza chini miguuni pangu, kwa kishindo, mpaka yakanirukia usoni.

"Nimeitoa," alisema. "Nilikuwa nimekasirika, sasa nimeitoa. Itoke na maji haya, iende. Mkamburi awe mzima." Akapiga funda la pili. "Mbeyu wajina wangu awe mzima." Akapuliza. La tatu alilishika mdomoni kwa muda mrefu, mashavu yamejaa, kama bado anabishana nalo. Akalipuliza. "Na huyo Mkamba naye, awe mzima."

Kisha akajipangusa kidevu.

"Sasa ni saa ngapi? Kumi na moja? Mtoto atarudi kutoka kwaya, mimi nitapika. Wewe nenda kamjibu mtu. Na suruali hiyo, ishone vizuri hapo nyuma. Imebana."

Nilimkuta peke yake ukumbini. Alikuwa ameegemeza magodoro ukutani, anafagia makapi ya mkonge. Koti zangu, isipokuwa ile aliyoivaa mwenyewe, alikuwa amezikunja juu ya benchi, moja moja, kola juu. Jua lilikuwa limeingia kwa mlango wa nyuma na kumpaka mgongo. Mgongo huo nilikuwa nauacha uende Nakuru.

"Umepona?" aliuliza bila kugeuka. Alinijua kwa hatua.

"Nimepona. Mama anakusalimu."

"Kwa mwavuli?"

"Lete godoro moja."

Akaacha kufagia. "Hapana, Mwalimu."

"Nifundishe tena."

"Nimesema siwezi. Unajua ulikuwaje? Ulikuwa mzito ghafla. Mtu akilala mikononi mwako namna ile..." Akaweka ufagio chini. "Nilisema basi, nimemuua mwanamke ambaye hata hajanijibu."

"Kitheka." Sikumwita Bwana. Sikuwahi kumwita hivyo, jina tupu. "Mimi ni mwalimu. Najua mwanafunzi aliyeshindwa na somo, na najua mwanafunzi aliyekataa kulisikia. Leo nilikataa. Lete godoro."

Alilileta. Nilivaa koti moja la benchini, nikakaa, nikampa mgongo. Alichukua muda mrefu kupiga magoti. Mkono wake wa kushoto ulipita chini ya kwapa langu, ukashika koti. Wa kulia ukazunguka. Nilisikia dole gumba likiingia kwenye kola yangu, kwa woga, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Pumzi yake ilikuwa juu ya sikio langu na haikuwa imetulia.

Sikukaza shingo. Niliiacha. Hilo lilikuwa gumu kuliko mzigo wowote niliowahi kupanda nao, kuiacha shingo yangu iwe shingo tu.

Kola ikaanza kukaza. Kidogo. Kidogo sana, alikuwa haamini. Nikainua mkono nikagonga mkono wake.

Mara moja. Mara mbili.

Aliachia kabla kiganja changu hakijatua mara ya pili. Akaruka nyuma hatua mbili, kama afanyavyo siku zote, mikono juu, nione kwamba hanishiki tena.

"Nimeachia," akasema.

"Nimeona." Nikageuka nimtazame. "Rudi hapa."

Hakuelewa.

"Rudi hapa, Kitheka. Kaa. Nina maneno na siyajui vizuri, kwa hiyo usinikatize." Akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana, na yale macho yakangoja. "Siwezi. Nimesema kila mahali kwamba naweza, na naweza kushona, naweza kulea, naweza kubeba. Lakini hii ya wewe kupanda gari moshi Jumatatu nami kunyamaza, siwezi. Inanishinda. Nakwambia mapema kabla haijanilaza. Njoo na wazee. Njoo Desemba, shule zikifungwa, uje na huyo mjomba na koti lake. Na uniandikie barua, hata za kulia."

Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya kola, mishono yangu imemchubua. Kisha aliinamisha paji la uso wake kwenye vidole vyangu, nami nikasikia vikilowa.

"Na Mama?" aliuliza mwishowe, bado ameinama. "Boma lile ni la mwanawe."

"Mama amekutakia uzima. Kwa maji. Nitakueleza. Lakini kuna sharti alilonipa nikitoka mlangoni."

"Lolote."

"Usiseme lolote kabla hujasikia. Kesho baada ya ibada anarudi Werugha na gunia la unga. Anasema utalibeba wewe kutoka nyumbani mpaka kwenye basi. Si begani. Mgongoni, kwa mkanda, kichwani, kama mtu. Anataka kuiona shingo yako."

Kitheka aliinua uso. Alijishika shingo, akaipima kwa vidole, kulia na kushoto.

"Katikati ya soko? Mbele ya watu wa reli?"

"Mbele ya Mumbe."

"Mwalimu, mimi sijawahi kubeba hivyo. Na nikishindwa?"

Nilimfunga kola yake vizuri, nikabana mshono wangu kwa vidole viwili. Ulikuwa imara.

"Gonga," nikamwambia. "Nitakuwa nyuma yako."